UZI: Kufungua nyumba salama ya akina mama na watoto Dodoma, tupige hesabu kabla ya kupokea familia ya kwanza

#1 MamaMiyuji

Wadau, habari za jioni. Hapa Dodoma kuna vikundi vya akina mama, jumuiya za dini na hata familia zenye nyumba inayokaa wazi, wote wanataka kufungua mahali pa kuwahifadhi wanawake waliokimbia vipigo pamoja na watoto wao. Nia hiyo ni ya kuheshimiwa. Shida ni kwamba bajeti nyingi zinaishia kwenye vitanda, magodoro na rangi ya ukuta, halafu nyumba inakwama ndani ya mwaka wa kwanza kwa mambo ambayo yangehesabika mapema. Naanza na hesabu, wenye fani zao waongeze.

Tuchukue nyumba ya vyumba vitano pembezoni mwa jiji. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mita za mraba 14. Kiwango cha chini kwenye hifadhi za dharura ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo humo wanalala watu wanne: mama na watoto watatu. Vyumba vinne vya familia, kimoja cha matroni. Mama 4, watoto kama 10, wafanyakazi 2 wa zamu, jumla watu 16. Hiyo ndiyo nyumba yenu. Msiweke familia mbili chumba kimoja ili "kuokoa wengi". Watoto wanakosa usingizi, mama wanaanza kugombana, na baada ya wiki mmoja anarudi kwa mume kwa sababu kule angalau alikuwa na kona yake.

Maji: wekeni lita 40 kwa mtu kwa siku. Kiwango cha dharura ni lita 15, lakini hapa kuna nepi, mashuka ya watoto wanaokojoa kitandani kwa hofu, na akina mama wanaohitaji kuoga vizuri. Watu 16 ni lita 640 kwa siku. Simtanki la lita 5,000 linawatosha wiki moja, na maeneo mengi ya pembezoni maji ya DUWASA (mamlaka ya maji ya Dodoma) huja kwa mgao, kwa hiyo tanki moja halina akiba ya kutosha. Wekeni mawili. Bati nalo lina maji yake: milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 120, mvua ya milimita 550 kwa msimu, ukitoa asilimia 20 inayopotea, ni kama lita 52,800 kati ya Desemba na Aprili. Gata na bomba la kutupa maji ya kwanza yenye vumbi ni gharama ndogo ukilinganisha na maboza ya maji ya miezi ya kiangazi.

Vyoo viwili angalau, kimoja kiwe na njia ya mteremko ya kuingilia, yenye urefu wa sentimita 12 kwa kila sentimita moja ya kupanda, na mlango wa sentimita 90, kwa mama mwenye kiti cha magurudumu au aliyevunjwa mguu.

Na kuwe na chumba kidogo chenye mlango wa kufungwa kwa ajili ya mazungumzo. Mama hawezi kueleza yaliyompata sebuleni huku watoto wa wenzake wanaangalia katuni.

#2 FundiGrili_Nzuguni

Mama, shukrani. Mimi nitasema la madirisha, maana ndilo linaloweza kuua watu.

Kila anayejenga nyumba ya usalama anaanza na nondo. Anafunga grili kila dirisha, anaweka geti la chuma mlangoni na kufuli kubwa, funguo anakaa nazo matroni. Moto ukianzia jikoni saa nane usiku, watu 16 wako ndani ya kizimba. Kila chumba cha kulala kiwe na dirisha moja ambalo grili yake inafunguka kwa bawaba, nafasi isipungue sentimita 60 kwa 90, na komeo liwe la ndani lisilohitaji ufunguo. Ili mtu wa nje asipitishe mkono kulifungua, chomelea bamba la chuma la upana wa sentimita 30 kuzunguka komeo. Mtoto wa miaka kumi aweze kulifungua gizani. Wafundisheni siku ya kufika, na wafungue wenyewe kwa mikono, si kuonyeshwa tu.

Mtungi wa gesi ukae nje kwenye kijumba chenye matundu chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutuama sakafuni. Mpira upite ukutani ndani ya kipande cha bomba. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kwa dakika kumi. Juni na Julai Dodoma usiku kuna baridi na upepo, na mama mwenye kichanga atatamani kuingiza jiko. Sumu ya mkaa haina harufu. Dawa ya hilo ni blanketi mbili kwa kila kitanda.

Ukuta mita 2.4 unatosha. Geti liwe la bamba zima lisiloonyesha ndani, lenye mlango mdogo na tundu la kuchungulia la mtu mzima na lingine la chini. Taa za nje ziwe za sola, ili LUKU ikiisha au umeme ukikatika msibaki gizani. Na pawe na mlango wa pili nyuma, unaotokea upande mwingine wa mtaa. Mwanamume akija kupiga geti la mbele, watu wawe na pa kutokea.

#3 AfisaMstaafu_Chamwino

Naongeza upande wa serikali, maana wengi huanza bila kupiga hodi, kisha wanafungiwa.

Anza na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wizara ya Maendeleo ya Jamii ina mwongozo wa nyumba salama, na yeye ndiye atakayekuja kukagua na kukuelekeza kwenye usajili. Pili, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Tatu, Kituo cha Mkono kwa Mkono kilicho karibu, ambako polisi, daktari na ustawi wanafanya kazi chini ya paa moja. Nyumba isipokee mtu aliyejileta bila hawa kujulishwa ndani ya saa 24. Si urasimu huo. Mume anaweza kufika kituoni na kusema mke kaiba watoto. Kama mama tayari ana namba ya RB, yaani namba ya taarifa aliyoandikisha polisi, polisi wanajua watoto wako wapi na kwa nini.

Mtoto asiye na mzazi asipokelewe hata usiku bila ustawi. Nyumba ya akina mama si makao ya watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao ya watoto yawe na leseni yake. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto ibandikwe jikoni.

Mahali pa nyumba pawe siri. Bila kibao, bila nembo kwenye gari, bila picha mtandaoni. Mama achukuliwe kituoni au hospitalini, asielekezwe aje mwenyewe na bodaboda. Dereva wa boda anakumbuka kila mlango.

#4 BaloziWaNkuhungu

Mkuu #3, kwenye usajili nakubaliana nawe. Kwenye siri, hapana, si kwa namna hiyo.

Mtaa wa Dodoma haufichiki. Wanawake wapya kila mwezi, watoto wanaobadilika, gari usiku, geti limefungwa daima. Baada ya miezi mitatu majirani wameshajipa jibu: ni danguro, au pale wanauza watoto. Siku tetesi hiyo ikimfikia mtu mwenye hasira, mmekwisha. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa eneo lazima wajue tangu siku ya kwanza, na majirani wa pande nne waambiwe jambo moja rahisi na la kweli: hapa wanakaa akina mama na watoto wenye shida, ustawi wanajua, ukiona mwanamume anazungukazunguka piga simu namba hii. Jirani aliyeambiwa ukweli ndiye mlinzi wa kwanza. Cha kufichwa ni nani yumo ndani.

#5 AfisaMstaafu_Chamwino

Balozi, hoja yako ina uzito. Basi tutenganishe. Kwa mama ambaye mume ana silaha, au ni askari, au ana ndugu kwenye vyombo, nyumba ya wazi kwa majirani haimfai hata kama majirani ni wema. Huyo apelekwe nje ya mkoa kwa makubaliano na nyumba nyingine, na makubaliano hayo yaandikwe kabla hajapatikana mtu wa kupelekwa. Kwa wengine, njia yako inafaa.

Maswali ya siku ya kwanza ya kupima hatari: amewahi kumkaba shingo? Ametishia kumuua? Ana silaha? Vipigo vimeongezeka miezi ya karibuni? Alimpiga akiwa mjamzito? Anajua sasa kwamba mke ameondoka? Kukabwa shingo kusipuuzwe hata kama hakuna alama. Ni dalili kubwa ya kuuawa baadaye, na mwenyewe anaweza kupata shida ya kupumua saa nyingi baada ya tukio. Apelekwe hospitali usiku huohuo.

#6 Laini_na_Simu

Siri ya mahali siku hizi inavuja kwa simu kuliko kwa majirani. Nyumba nyingi zinawanyang'anya akina mama simu wanapofika. Msifanye hivyo. Mwanamke aliyetoka kwa mtu aliyemkagua kila ujumbe anakuja kwenu na mnamfanyia lilelile, tena anakosa kuongea na mama yake mzazi. Badala yake kaeni naye nusu saa mpitie simu pamoja.

Laini ya simu mara nyingi imesajiliwa kwa kitambulisho cha mume. Mwenye kitambulisho anaweza kwenda dukani akairudisha laini ile kama imepotea, na hapo pesa, ujumbe na namba za siri vinahamia kwake. Mama asajili laini mpya kwa NIDA yake na alama ya kidole. Kisha apige \*106# aone laini zote zilizo kwenye jina lake, maana pia kuna waume wanaotumia laini za wake zao kukopa.

WhatsApp, fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kama kuna kompyuta asiyoijua, itoe. Akaunti ya Google: mara nyingi mume ndiye aliyeifungua na anajua nywila, na kwa akaunti hiyo anaona simu ilipo kwenye ramani. Fungueni akaunti mpya, msibadilishe nywila tu. Zimeni kwenye kamera kile kipengele kinachoandika mahali picha ilipopigwa. Simu ya mtoto nayo ipitiwe, na tableti, na saa ya mtoto kama anayo.

Jambo moja la kuangalia: akifunga kila kitu ghafla usiku uleule, mume anajua amekatwa, na huo ndio wakati anaamua kumtafuta. Awe ameshafika salama na polisi wanajua, ndipo mfunge.

#7 MkungaMakole

Habari za afya kwa ufupi kwa sababu saa ndizo zinazoamua. Aliyebakwa aanze dawa za kuzuia VVU ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na azimeze siku 28 bila kuruka. Dawa ya kuzuia mimba ya dharura inafanya kazi hadi saa 120, ila kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Asioge kabla ya kuonwa kama anaweza kuvumilia, na nguo alizovaa zitiwe kwenye bahasha ya kaki, si mfuko wa plastiki, kwa sababu unyevunyevu kwenye plastiki huotesha ukungu na kuharibu ushahidi. Lakini kama ameshaoga, aende vilevile. PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ni muhimu kwa kesi. Isiwe sababu ya mtu kukaa benchi akivuja damu.

Anayetumia ARV, dawa za kisukari au za kifafa huzisahau nyumbani. Ulizeni jioni hiyohiyo. Kliniki atapewa nyingine akieleza kwamba amehama, ila msimpeleke kituo anachokitumia siku zote, mume anakijua na anaijua siku yake ya kurudi.

Mama asiyelala, asiyekula, anayesema heri afe, asiachwe kwa maombi peke yake. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe ipo hapahapa mjini, na kwenda huko si aibu.

#8 StooKibaigwa

Chakula kwa watu 16. Gramu 400 za nafaka kwa mtu kwa siku ni kilo 6.4, kwa mwezi kilo 192. Maharage gramu 60 ni kilo 29 kwa mwezi. Mafuta gramu 25 ni karibu lita 13. Msipunguze kwa kigezo kwamba wengi ni watoto, kwa sababu mama anayenyonyesha anakula zaidi na watoto waliotoka kwenye njaa hula sana wiki za kwanza.

Nafaka kwa mwaka ni kilo 2,304, yaani magunia 23 ya kilo 100 mkila dona. Mkikoboa mkala sembe, robo inabaki mashineni, mtahitaji magunia 31. Nunueni soko la nafaka la Kibaigwa baada ya mavuno, si Januari. Mahindi yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13, yahifadhiwe kwenye mifuko ya tabaka tatu juu ya mbao, mbali na ukuta. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotoka kwenye ukungu, iliua watu Dodoma na Manyara, wengi watoto, na ilitokana na mahindi. Punje zilizoota ukungu zitupwe, zisipewe hata kuku. Changanyeni na mtama na uwele, vinavumilia ukame.

Jiko liwe la akina mama wenyewe, kwa zamu. Mkileta mpishi, wanakaa siku nzima wakifikiri. Na mlenda hauhitaji bajeti, pandeni nyuma ya nyumba.

#9 MsaidiziKisheria_Dom

Bara hatuna sheria moja mahususi ya ukatili wa majumbani, kwa hiyo mnashika vipande. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mwenzi kumwadhibu mwenzake kwa viboko. Kifungu cha 140 kinaruhusu mahakama kumzuia mume kumsumbua mke, lakini ndani ya shauri la ndoa au baada yake, kwa hiyo bila shauri hakuna zuio. Kifungu cha 59 kinamzuia mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Hilo lifanyiwe kazi wiki ya kwanza, maana nyumba huuzwa haraka mke akiondoka. Waliokaa pamoja miaka 2 au zaidi na kujulikana kama mke na mume wanaweza kutumia dhana ya ndoa ya kifungu cha 160. Watoto chini ya miaka 7, dhana ni kwamba wanafaa kuwa na mama, lakini inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa hiyo msiwaambie akina mama kwamba watoto ni wao moja kwa moja.

Kabla ya talaka, kifungu cha 101 kinataka shauri lipite Baraza la Usuluhishi, ila mahakama inaweza kuliruhusu lisipite kukiwa na mazingira ya pekee. Baraza linaweza kuwakalisha mume na mke kwenye benchi moja kisha wote wakatoka mlango mmoja. Ombeni kwa barua wasikilizwe siku tofauti, na msaidizi amsindikize. Anwani ya kupokelea wito iwe ya ofisi ya msaada wa kisheria, kamwe si ya nyumba. Hati ya wito ikiandikwa mtaa wenu, mume ameshaelekezwa.

Msaidizi wa kisheria hasimami mahakamani kwa niaba ya mtu. Mwekeni na wakili mmoja wa kujitolea tangu mwanzo.

#10 DadaWaIpagala

Naomba kuuliza, vijana wa kiume? Nyumba nyingi zinasema mwisho miaka 12.

#11 MamaMiyuji

Dada, sheria hiyo inawafanya akina mama wasije kabisa. Mama mwenye mvulana wa miaka 14 hawezi kumwacha na baba anayepiga. Mtengeeni chumba chenye mlango wa nje na choo chake, kwa familia zenye vijana wakubwa. Masharti yawe ya tabia, yasomwe kwa wote, si kwa yeye kwa sababu ana ndevu zinaanza. Shule ya mtoto ihamishwe kupitia afisa elimu, na mwalimu mkuu wa shule ya zamani asiandikiwe jina la shule mpya kwenye barua anayoweza kumwonyesha baba.

Wafanyakazi. Sheria ya ajira inaweka saa 45 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Nafasi moja ya matroni usiku na mchana ni watu wanne, na likizo ya siku 28 kwa kila mmoja inabana hata hao wanne. Nyumba zenye matroni mmoja "anayelala hapohapo" humchosha hadi anaanza kuwafokea akina mama, kisha anaondoka. Kama hamna mishahara ya wanne, fungueni nyumba ya mchana yenye ushauri na msaada wa kisheria kwanza.

Majalada yawe kwa namba, daftari la majina likae kwenye kabati lenye ufunguo mbali na majalada. Mama asaini anachokubali kielezwe kwa nani, na anaweza kufuta.

Na sasa kutoka, ambako ndiko fedha zinahitajika zaidi. Miezi mitatu ya kukaa kwenye nyumba inapita haraka. Mwenye nyumba Dodoma huomba kodi ya miezi sita, mara nyingine mwaka, na mama aliyetoka na mfuko wa nailoni hana. Kila mnapopanga bajeti ya kitanda kimoja, pangeni na kodi ya miezi sita pembeni yake, vinginevyo vitanda vinajaa na hakuna anayetoka isipokuwa kurudi alikotoka.

#12 AfisaMstaafu_Chamwino

Hapo kwenye kodi niongeze. Mkataba uandikwe kwa jina la mama, shahidi awe mtendaji wa mtaa. Ukiandikwa kwa jina la kikundi, siku kikundi kikipungukiwa mwenye nyumba anamtoa mama bila maneno. Kabla ya kulipa, nendeni naye akione chumba jioni, si mchana: taa ziko wapi, choo kiko umbali gani, geti linafungwa saa ngapi, ndugu wa mume wanakaa kata gani.

Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, ni mizuri lakini kwa akina mama inapitia vikundi. Aliyehamia mtaa jana hana kikundi, hivyo isitegemewe kwa mwaka wa kwanza. Vibarua vya zabibu vinakuja mavuno mara mbili kwa mwaka, havilipi kodi ya kila mwezi. Umamalishe kwenye majengo yanayoendelea kule Mtumba, mji wa serikali, unalipa, na hauko stendi wala soko la Majengo ambako atakutana na watu wa mume.

#13 DadaWaIpagala

Na akirudi kwa mume kisha akaja tena?

#14 MamaMiyuji

Apokelewe. Wengi huondoka zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka moja kwa moja, na nyumba inayosema "ulishachagua" ndiyo inayomfanya asipige simu mara ya pili. Akitaka kurudi, kaeni naye mpange: neno la siri la kumwambia jirani akiwa hatarini, vyeti vya watoto, NIDA na kadi za kliniki viachwe nakala kwenu, nauli ishonwe kwenye kanga, na namba ya Dawati aijue kwa kichwa. Jalada lake lisifungwe. Baada ya kutoka, kwa aliyepanga na aliyerudi vilevile, mpigieni wiki ya kwanza, ya pili, mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, kwa saa aliyoichagua yeye, na akipokea mtu mwingine mjibu ni wauza vitenge.

Kesho nitaweka hapa orodha ya vyombo vya kuanzia maisha kwa chumba kimoja, pamoja na vipimo vya kitanda cha deka ambacho mtoto haanguki. FundiGrili, naomba uweke mchoro wa lile komeo la dirisha.